Kasuari wa kusini au wa kaskazini, nichukue yupi?

FundiPatasi: Asalaam alaykum wadau. Nna tajiri anataka kasuari, yule ndege mkubwa asiyeruka, kwenye bustani yake Paje. Wako wawili wanaofanana, wa kusini na wa kaskazini. Nichukue yupi? Keshatoa nusu ya pesa, nataka jibu kabla ya Ijumaa.

BiMwanaPwani: Waalaykumu salaam. Nusu ya pesa ya nini? Bustani kubwa kiasi gani, ukuta una kimo gani, kibali unacho? Au ndege wa Guinea Mpya utamleta Paje kwa jahazi?

MtuWaWete: Wa kusini, hapana mjadala. Ndiye yule wa kwenye picha nyingi. Yuko Queensland kule Australia, Guinea Mpya ya kusini, mpaka visiwa vya Aru na Seram. Shingoni ananing'iniza vinyama viwili vyekundu. Wa kaskazini anacho kimoja. Mengine ni yale yale: manyoya meusi, shingo ya buluu isiyo na nyoya, kofia ya pembe utosini.

Kororo_wa_Jozani: "Yale yale" umeruka mengi, kaka. Wa kaskazini ana wekundu au manjano shingoni yanayokata jicho. Kwao ni misitu ya bondeni kaskazini mwa Guinea Mpya, na kisiwa cha Yapen. Tena Edward Blyth aliyempa jina la kitaalamu mwaka 1860 alimwona tunduni Calcutta, si mwituni. Mimi nampa huyu kura.

Babu_Chumbuni: Mnazungumza rangi! Ujanani nilifanya kazi bara, kwenye shamba moja la mbuni. Jike alikuwa anataga, dume hakamatiki. Siku hiyo nimeingia na ndoo ya pumba, miguuni kandambili. Dume akakaa chini, akawa anapepea mbawa na kuyumbisha shingo. Nikadhani anacheza, nikacheka. Akanyanyuka. Teke la kwanza likachukua ndoo, la pili likanipata pajani, nikabwagwa kwenye waya. Mwenzangu ndiye aliyenitoa, kwa tawi la miiba. Mwenye shamba akanikata mshahara kwa ile ndoo.

Na mbuni ana vidole viwili tu. Kasuari anavyo vitatu, na cha ndani kina ukucha mrefu ulionyooka, unafika sentimita 12. Mwaka 2019 huko Florida mzee wa miaka 75 alianguka mbele ya kasuari aliyemfuga mwenyewe, akauliwa. Mwambie tajiri wako afuge kanga.

FundiPatasi: Jamani, hafugwi huyu! Nachonga. Sanamu ya mti, kimo cha ndege mwenyewe, mita moja na nusu hivi.

BiMwanaPwani: Si ungesema tangu mwanzo, yakhe! Babu wa watu keshakumbushwa ndoo yake. Haya, jike au dume? Jike ndiye mkubwa. Dume ndiye anayeatamia yale mayai ya kijani, siku kama 50, kisha akalea vifaranga peke yake. Na mti gani?

FundiPatasi: Mfenesi. Jike au dume hajasema.

TezoKali: Chukua wa kaskazini. Vinyama viwili vyembamba ni balaa. Nyuzi za mti zikikatisha pale, ukigonga patasi kidogo tu, ncha imekwenda. Utatia gundi, masika yakija inaachia. Kimoja unakiacha kimeshikana na shingo, basi.

MtuWaWete: Kikishikana na shingo huyo si kasuari, ni bata mzinga. Vichongwe mbali, vipachikwe kwa vijiti. Wa kusini.

Ustadhi_Mkoani: Na hukumu ya kuchonga kiumbe chenye roho umeiuliza? Tena kimo chake kamili.

Kororo_wa_Jozani: Ustadhi, uzi huu wa ndege.

Ustadhi_Mkoani: Kwani ndege hana roho?

BiMwanaPwani: Basi achonge mlango wa maua na minyororo, tajiri aambiwe kasuari yuko nyuma yake.

Ustadhi_Mkoani: Bibie, mimi sifanyi mzaha.

TezoKali: Ustadhi ana haki ya kuuliza, lakini nusu ya pesa ishaliwa hiyo.

Shamba_Kizimbani: Kama ni mfenesi, nna gogo limekatwa mwaka jana, liko kivulini.

FundiPatasi: Lina unene gani? Halijapasuka?

Shamba_Kizimbani: Ufa mmoja upande wa shina, haujafika moyoni. Njoo na futi yako.