Wimbo wangu umepigwa klemu YouTube, biti ni ya leseni: nianzie wapi?

FundiWaMaiki
Wakuu, naomba msaada wa wajuzi. Wimbo umepanda YouTube Ijumaa, leo Jumatatu una klemu (dai la hakimiliki) ya Content ID, ule mfumo wa YouTube unaotambua sauti za watu. Sauti na mashairi ni yangu. Biti imenunuliwa mtandaoni kwa leseni isiyo ya kipekee (wengine nao wanaweza kuinunua), risiti na PDF ya leseni zipo. Video inaonekana kama kawaida ila pesa ya matangazo inakwenda kwa mdai. Hii ndiyo straiki, yaani onyo rasmi kwa chaneli? Nikipinga chaneli inaweza kufungwa? Na nikisajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, leo, klemu itaondoka?

Kinanda_Kibovu
Hiyo si straiki mkuu. Klemu inagusa video moja tu: mdai anachagua kula pesa ya matangazo, kuizuia video, au kufuatilia takwimu. Straiki inakuja pale mtu anapopeleka ombi rasmi la kuondoa video kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998, ile DMCA. Ukifikisha tatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufutwa.

Usibonyeze chochote kabla hujaisoma klemu yenyewe. Ingia YouTube Studio kwenye orodha ya video zako, nenda safu ya vizuizi, fungua maelezo ya hakimiliki. Soma jina la kazi inayodaiwa, jina la mdai, na inaanzia sekunde ya ngapi mpaka ya ngapi.

Kama inaanza palepale biti inapoingia, na kazi inayodaiwa ni wimbo wa msanii usiyemjua, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba naye alinunua biti ileile, akapeleka wimbo wake kwa msambazaji (kampuni inayopandisha nyimbo mitandaoni) na kuweka tiki kwenye kisanduku cha Content ID. Mfumo unalinganisha sauti na sauti, haujui nani kanunua nini kwa nani. Faili aliloingiza lina biti yenu nyote, kwa hiyo kila atakayeimba juu ya biti hiyo ataonekana kaiba kwake. Leseni nyingi za biti za kukodi zinakataza jambo hili na wasambazaji pia wanalikataza, ila kuweka tiki ni rahisi kuliko kusoma mkataba.

Kama mdai ni prodyuza mwenyewe, rudi kwenye PDF yako kwanza. Leseni za bei ya chini huwa na kikomo: idadi ya kusikilizwa, muda, au video ngapi. Ukishavuka kikomo, klemu yake ni halali na kupinga ni kujitafutia balaa. Kama hujavuka, mtumie linki ya video na namba ya oda. Anaweza kuiachia klemu bila wewe kupinga.

Mzee_wa_Vibe
Maelezo mengi ya nini? Bonyeza kupinga, chagua kwamba kazi yote ni yako, siku 30 zikipita wanaachia. Mbona rahisi.

Sheria_Mkononi
Hapo ndipo watu wanapoumia, ndugu. Kazi yote si yake, biti ina mwenyewe. Sababu sahihi kwenye fomu ni ile ya leseni. Akidai kila kitu ni chake, mdai atakataa na atakuwa na haki ya kukataa.

Muda uko hivi. Ukipinga, mdai ana siku 30 za kujibu, akinyamaza klemu inaisha. Akikataa, unaweza kukata rufaa, na hapo anabaki na siku 7. Asiporidhika na rufaa anaweza kupeleka ombi la kuondoa video, na hiyo ndiyo njia ambayo klemu inageuka straiki. Silaha inayobaki ni taarifa ya kukanusha (counter notification). Unaandika jina lako kamili la kisheria na anwani, unakubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani, na taarifa hiyo anapelekewa mdai. Ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amekwenda mahakamani, la sivyo video inaweza kurudishwa. Usifike huko ukiwa na risiti ya M-Pesa tu, hiyo inathibitisha ulilipa, haisemi ulinunua haki gani.

Kuhusu COSOTA: sajili, lakini usitegemee klemu iondoke kwa hilo. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na chini ya huo haki inazaliwa kazi inapotungwa, haingojei usajili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Cheti ni ushahidi mzuri ukifika kwenye ugomvi, ila mtambo wa YouTube hausomi vyeti. Kumbuka pia kwamba unachosajili ni mashairi, melodi yako na rekodi yako, biti inabaki ya mwenyewe. Walioko Zanzibar wana sheria yao ya 2003 na ofisi yao, COSOZA.

Halafu yale maneno ya kuweka chini ya video, "sina nia ya kukiuka hakimiliki", hayazuii kitu. Kadhalika hadithi ya sekunde 30 za bure. Haipo.

FundiWaMaiki
Nimefungua. Inaanza 0:14 mpaka 3:02, biti inaingia 0:14 kweli. Kazi inayodaiwa ni wimbo wa mtu nisiyemjua, mdai ni kampuni ya usambazaji. PDF inasema hakuna mnunuzi anayeruhusiwa kuingiza biti kwenye Content ID, na kikomo sijakifikia.

Kinanda_Kibovu
Basi uko pazuri. Pinga kabla siku 5 hazijapita tangu klemu ilipoingia. Ndani ya muda huo pesa yote inashikiliwa tangu siku ya kwanza ya klemu, ukichelewa inashikiliwa tangu siku uliyopinga, na ya nyuma imekwenda.

Chagua sababu ya leseni. Maelezo yawe ya Kiingereza, mistari minne inatosha: jina la biti na la prodyuza, tarehe na namba ya oda, kwamba leseni si ya kipekee, kwa hiyo wimbo wa mteja wao nao umejengwa juu ya biti ileile, na namba ya kifungu kinachokataza Content ID. Usitukane wala usiandike habari za mateso ya msanii, anayesoma ana foleni ndefu.

Siku hiyohiyo mwandikie prodyuza. Yeye ana nguvu kuliko wewe, maana anaweza kumwambia msambazaji kwamba mteja wao amevunja leseni, na wimbo huo ukatolewa kwenye mfumo wote. Wewe ukishinda unaondoa klemu moja tu, ukipandisha video ya mashairi ya wimbo huohuo itapigwa tena.

Na kwenye fomu ya msambazaji wako mwenyewe, kile kisanduku cha Content ID kiache bila tiki.

FundiWaMaiki
Duh. Nilikitia tiki. Naenda kukitoa sasa hivi.