Mada ya blogu mpya: utalii wa Lamu, mapishi au vyombo vya baharini?

Langoni_Amu
Assalamu alaikum. Nataka kuanza kuandika makala mtandaoni kwa Kiswahili, moja kwa wiki. Niko Lamu mjini, na kifaa nilicho nacho ni simu tu. Mada zinazonivuta ni tatu: utalii wa hapa kwetu, mapishi, na vyombo vya baharini. Mada hupimwa vipi kabla ya kuanza? Na ipi kati ya hizi haitanikaukia baada ya miezi michache?

Kalamu_Mkomani
Waalaikum salaam ndugu yangu. Kaa chini na karatasi, uandike vichwa 30 vya makala kwa mkao mmoja bila kufungua intaneti. Kila kichwa kiwe swali ambalo mtu angeliuliza kwa mdomo wake. Ukikwama kwenye cha 12, ama mada ni finyu ama huijui vya kutosha. Ukifika 30 lakini nusu yake inaanza na "Umuhimu wa" au "Historia ya", hizo ni insha za shule, hakuna anayezitafuta usiku akiwa na shida.

Kisha pitia vichwa vyako na alama tatu. Weka X palipo na gharama (kukodi boti, kulipa kiingilio, kusafiri). Weka M penye jambo linalobadilika ndani ya mwaka. Weka W unapojua mtu wa kumuuliza kwa miguu leo hii. Mada nzuri kwa mwenye simu tu ni ile yenye W nyingi na M chache.

Utalii hapo ndipo unapoanguka. Nauli ya boti kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, bei za vyumba Shela, saa za mabasi yanayopita Garsen, zote ni M. Ukiandika makala 40 za namna hiyo, kila baada ya miezi kadhaa itabidi uzirudie zote, maana msomaji aliyefika gatini na nauli pungufu kwa sababu yako harudi tena. Yasiyobadilika, kama Mji Mkongwe kuingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, yameshaandikwa mpaka basi.

Jikoni_Malindi
Mimi nasema mapishi, lakini si "mapishi ya pwani" kwa jumla. Hapo utashindana na kila mtu mwenye sufuria na kamera. Andika kwa nini chakula kinaharibika. Anayetaka kipimo anakipata popote. Anayehangaika ni yule aliyefuata kipimo na bado kikaharibika.

Chukua mahamri. Unga nusu kilo, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki ya kutwanga, tui vuguvugu kama kikombe kimoja. Hiyo ni makala moja, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Zilizobaki ndizo mali:

Hayakufura. Mara nyingi tui lilitiwa likiwa moto, hamira ikafa. Tui lisiunguze kidole. Au hamira ilikuwa imekaa wazi kwenye unyevu wa pwani. Ijaribu kwanza ndani ya maji vuguvugu yenye sukari kidogo: ikikaa dakika 10 bila povu, tupa.

Yameumuka lakini hayana uwazi ndani. Unga ulisukumwa mwembamba mno, au upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Lenga nusu sentimita. Yakishakatwa yapumzike dakika 20 hadi 30 yakiwa yamefunikwa, na yakiingia kwenye karai yamwagiwe mafuta ya moto juu kwa upawa.

Yamenywa mafuta: karai lilikuwa halijapata moto, au yalitiwa mengi kwa pamoja mafuta yakapoa. Nje yameungua na ndani mabichi: moto mkali, au sukari imezidi, kwa kuwa sukari hushika rangi mapema.

Umeona? Chakula kimoja, makala tano, na hakuna hata moja yenye M. Fanya hivyo kwa wali wa nazi, mkate wa sinia, vibibi, mkate wa mofa, samaki wa kupaka, uone kama utakauka. Picha piga mchana karibu na dirisha. Taa ya jikoni hufanya kila kitu kiwe cha manjano.

Mkuku_Matondoni
Bi Jikoni amesema kweli kwa upande wake, ila vyombo visitupwe haraka hivyo. Ni mada isiyo na mengi kwa Kiswahili, na mafundi wako Matondoni, si mbali na hapo ulipo. Kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba, peke yake ina maswali tele: pamba isokotwe nene kiasi gani, ilowekwe mafuta gani, kwa nini chombo kilichokaa juu pwani wakati wa jua kali la kaskazi (msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki) kinavuja kikirudi majini (mbao zimekauka zikaachana, kiache kilowe kwanza kabla ya kuanza kupigilia pamba ovyo). Shahamu (mafuta ya mnyama) na chokaa za kupaka sehemu inayokaa chini ya maji, na wadudu wanaotoboa mbao pale ilipobanduka. Msumari wa chuma kitupu ulioshika kutu na kupasua mbao.

Tatizo liko kwa msomaji. Nahodha hasomi makala ya maneno elfu, anasikiliza. Kwa hiyo ukichagua vyombo, jua kwamba wasomaji wako watakuwa wanafunzi, wenye boti ndogo wanaojaribu kuzitengeneza wenyewe, na Waamu (watu wa Lamu) walio nje. Ni wachache, lakini wanabaki.

Langoni_Amu
Ahsanteni sana. Nimeandika vichwa: utalii 14, vyombo 19, mapishi 33. Je, nikichanganya mapishi na vyombo kuna ubaya?

Kalamu_Mkomani
Upo. Aliyekuja kwa mahamri akakuta kalafati hajui kesho atakuta nini. Kuchanganya kunafaa pale tu msomaji ni yule yule. Mfano, mtu wa "maji na upepo": bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, huja baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji huchelewa kujaa kama dakika 50 kila siku, na mgeni anayetaka kwenda magofu ya Takwa, kisiwani Manda, lazima afuate maji, kwa sababu mkondo wa kule unapita mikokoni na yakipwa boti haingii. Hapo mvuvi, nahodha wa watalii na mgeni wote wanasoma ukurasa mmoja. Lakini mahamri hayaingii humo hata kwa nguvu.

Kwa hesabu yako, 33 zimeshajibu. Chukua mapishi. Vyombo viwe daftari la pembeni.

Jikoni_Malindi
Kabla hujachapisha hata moja, andika sita uziweke. Wiki ya tatu ndiyo inayowashinda wengi: umeme umekatika, mgeni kaja, na huna akiba.

Na panga kwa kalenda mbili. Ramadhani hutangulia kwa siku kama 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hivyo makala ya futari iliyofaa mwezi huu mwakani itakuwa imechelewa ukiipanga kwa tarehe ile ile. Zitoe Shaaban, wiki tatu hivi kabla, ili zipate kuonekana kwenye utafutaji. Za samaki zipange kwa misimu. Kusi (upepo wa kusini) ikichafuka, Juni hadi Agosti, wavuvi wengi wa mashua ndogo hawatoki mbali na samaki wa maji makuu hupanda bei. Hapo weka ng'onda (samaki mkavu wa chumvi), maharagwe ya nazi na mbaazi, na samaki wa kupaka umrudishe kaskazi ikianza.

Langoni_Amu
Vichwa sita vya kwanza: vitatu vya mahamri, viwili vya wali wa nazi, kimoja cha ng'onda anayebaki na chumvi hata baada ya kulowekwa. Naanza na hamira.

Jikoni_Malindi
Huyo wa ng'onda usiishie kwenye kuloweka. Maji ya moto huvuta chumvi upesi kuliko ya baridi lakini nyama hutawanyika, kwa hiyo maji baridi, yabadilishwe mara mbili au tatu, na chumvi ya mchuzi isitiwe kabisa mpaka mwisho uonje.