Hotuba zipi za usanifu na ubunifu zinamfaa kweli msanifu wa tovuti?

Msanifu_Kirumba aliandika:

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninasimamia kikundi kidogo cha vijana wanaojifunza kusanifu tovuti hapa Mwanza. Wengi wao wanajua tayari kuandika kurasa, kupanga rangi na kutumia violezo, ila kazi zao zimeanza kufanana: picha kubwa juu, maneno machache ya kujisifu katikati, na kitufe cha “Wasiliana nasi” chini. Nimeona ni vyema kila Jumamosi tutazame hotuba moja ya mtu aliyebobea katika usanifu, kisha tuijadili kwa kina.

Tulianza na ile ya Ken Robinson, mtaalamu wa elimu kutoka Uingereza, ya mwaka 2006 kuhusu shule na ubunifu, ambayo ni miongoni mwa zilizotazamwa zaidi katika TED, mfululizo wa mikutano ya hotuba fupi zinazowekwa mtandaoni. Vijana walicheka, wakapiga makofi, na kisa cha Gillian Lynne, mtoto aliyedhaniwa kuwa na tatizo kumbe alizaliwa mcheza dansi, kiliwagusa sana. Jumatatu yake kila mmoja alirudi kwenye kiolezo chake kilekile. Siilaumu hotuba, kwa kuwa inawahusu zaidi walimu na wazazi kuliko mtu aliyeketi mbele ya fomu ya usajili yenye sehemu kumi na tano za kujaza.

Ninaomba mnitajie hotuba ambazo kijana akizitazama atakuwa na jambo la kubadilisha katika kazi iliyo mezani kwake. Ingependeza pia walau moja iwe na uhusiano na Afrika. Kikwazo kingine ni kifurushi, kwa sababu tunachanga fedha za intaneti na hatuwezi kutazama kumi ili tupate moja.

MwanaTanga alijibu:

Ndugu Kirumba, pongezi kwa juhudi hizo. Kabla ya kutaja hotuba, niseme kwamba kifurushi kisiwatishe sana. Karibu hotuba zote za TED zina maandishi yake kamili kwenye tovuti yao, na kusoma ukurasa wa maandishi hakuli MB nyingi. Wewe soma kwanza, chagua, halafu pakua video moja tu ya kuwaonyesha vijana.

Kwa upande wa Afrika, pendekezo langu la kwanza halikutolewa mbali. Mwaka 2007 mkutano wa TEDGlobal ulifanyika Arusha, na mmoja wa waliozungumza alikuwa Ron Eglash, Mmarekani anayechunguza hisabati iliyomo katika usanifu wa Kiafrika. Anaonyesha picha ya kijiji cha Waila wa Zambia iliyopigwa kutoka angani: boma kubwa la mviringo linaloundwa na maboma madogo ya mviringo, madogo zaidi yakiwa karibu na lango na makubwa yakielekea nyuma, huku umbo la kijiji kizima likijirudia katika boma la kila familia. Kijana anayepanga kitufe ndani ya kadi, kadi ndani ya safu, na safu ndani ya ukurasa, anakabiliwa na swali hilohilo: je, sehemu ndogo inafuata kanuni moja na sehemu kubwa, au kila kipande kimejitungia nafasi zake?

Hata hivyo sehemu ninayoipenda zaidi ni fupi, nayo inahusu uzio wa majani makavu unaojengwa kule Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa Jangwa la Sahara, ili kuzuia upepo na vumbi. Safu za chini zina majani marefu yaliyopangwa kwa ulegevu, na kadiri unavyopanda juu safu zinakuwa fupi na zilizobanana. Eglash alimuuliza mjenzi sababu yake. Akajibiwa kwamba kubana majani kunataka muda mwingi na majani mengi, na kwa kuwa upepo huvuma kwa nguvu zaidi juu kuliko karibu na ardhi, nguvu ya kazi inapelekwa kule unakohitajika ukinzani. Waulize vijana wako upepo wa tovuti yao unavumia wapi. Katika tovuti ya duka ni ukurasa wa malipo, na ajabu ni kwamba huo ndio hupewa jioni ya mwisho, baada ya siku nyingi kutumika kwenye picha za ukurasa wa mwanzo.

Ya pili ni ya David Kelley, mwanzilishi wa kampuni ya usanifu ya IDEO, aliyoitoa mwaka 2012 kuhusu kujiamini katika ubunifu. Itazameni kwa ajili ya kisa cha Doug Dietz, msanifu wa mashine za MRI zinazopiga picha za ndani ya mwili, ambaye alijivunia mashine yake hadi siku alipokwenda hospitali na kumwona mtoto akilia kwa kuiogopa. Hakuibomoa mashine. Aliigeuza safari: chumba na mashine vikapakwa rangi kama meli ya maharamia, na wahudumu wakafundishwa kumwambia mtoto atulie kabisa ili maharamia wasimwone. Kelley anasema kwamba watoto waliolazimika kupewa dawa ya usingizi walipungua kutoka asilimia 80 hadi 10. Mitambo ya ndani ilibaki ileile. Vijana wengi wakiambiwa watumiaji wanaikimbia fomu, wazo lao la kwanza ni kubadilisha programu inayoiendesha, ilhali pengine mtu anaogopa tu kwa sababu hajaelezwa namba ya kitambulisho inatakiwa ya nini.

Nyuzi_na_Kurasa alijibu:

Ninakubaliana na Bi. MwanaTanga kuhusu uzio, lakini ninaona si haki Afrika isemewe na mgeni peke yake. Saki Mafundikwa, msanifu wa michoro kutoka Zimbabwe, aliacha kazi New York akarudi Harare kuanzisha chuo cha ZIVA, na mwaka 2013 alizungumza TED kuhusu mifumo ya maandishi ya Kiafrika, ikiwamo alama za Adinkra za Ghana na Nsibidi za Nigeria. Anawasihi wasanifu wa Kiafrika watazame urithi wao kabla ya kukopa. Wasiishie kubandika alama hizo kwenye tovuti ya kampuni ya bima ya Mwanza, kwa maana huo utakuwa ukopaji mwingine. Watazame vitu vinavyowazunguka, kama namna jina la kanga linavyokaa karibu na pindo la chini, maneno machache katika kisanduku kimoja, bila kugombana na mji wenye michoro.

Uzito_wa_Ukurasa alijibu:

Mnazungumzia kifurushi kana kwamba ni tatizo la watazamaji wa hotuba peke yao. Ni tatizo la watumiaji wa tovuti ambazo vijana hao wanazisanifu, na hotuba inayowafaa kuliko zote kwa maoni yangu ni ile ya mtengenezaji wa tovuti Maciej Cegłowski aliyoitoa Sydney, Australia, Oktoba 2015, kuhusu unene wa kurasa za intaneti. Haihitaji hata video, kwani mwenyewe aliiweka yote kwenye tovuti yake kwa maandishi na picha.

Anachekesha kwa ukali. Anataja makala iliyoonya kwamba wastani wa ukurasa umepita MB 1, kisha anaonyesha kuwa makala hiyo yenyewe ina MB 1.8. Anapendekeza kwamba ukurasa wa maandishi usizidi uzito wa riwaya kubwa za Kirusi, na ana kipimo cha picha: badilisha kila picha iliyo kwenye ukurasa kwa picha ya William Howard Taft, Rais wa Marekani wa mwaka 1909 hadi 1913, aliyekuwa na mwili mkubwa. Iwapo ukurasa utapendeza zaidi, basi picha za awali hazikuwa na kazi. Vijana wako wafanye zoezi hilo kwa tovuti zao wenyewe, tena kwa simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka, na wahesabu kila mgeni anatozwa MB ngapi kabla hajasoma neno la kwanza.

Margaret Gould Stewart, akiwa msanifu Facebook, aligusia jambo hilo katika hotuba yake ya mwaka 2014. Anasimulia pia kwamba usanifu mpya wa kitufe cha kupenda (Like) ulimchukua msanifu zaidi ya saa 280. Kwa kikundi chenu sehemu ya simu za hali ya chini inatosha, maana hakuna mteja wa Mwanza atakayelipia saa 280 za kitufe.

Wakala_Huru alijibu:

Kwa ufupi: hotuba ya msanifu wa tovuti Mike Monteiro, San Francisco, 2011. Jina la hotuba lina tusi, kwa hiyo usiliandike kwenye tangazo la kikundi. Ndani yake hakuna habari ya rangi wala herufi. Amekaa na wakili wake jukwaani akieleza kwa nini msanifu asianze kazi bila mkataba na kwa nini haki ya kazi ihamie kwa mteja baada ya malipo kukamilika. Vijana wetu wanaanza kazi kwa ujumbe wa WhatsApp usemao “tutaongea”. Sheria anazozitaja ni za Marekani, hivyo mtafute wakili wa hapa awasaidie kuandika mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wenye malipo ya awali na idadi ya marekebisho.

Mzee_wa_Rasimu alijibu:

Vijana wangu, mmetaja mifano mizuri, lakini tatizo lililoelezwa ni kazi kufanana, na chanzo chake ni kuridhika mapema. John Cleese, mchekeshaji wa Uingereza, alitoa mhadhara kuhusu ubunifu jijini London mwaka 1991, kabla wengi wetu hatujaijua tovuti. Anaeleza kwamba mwenzake wa Monty Python, kikundi chao cha wachekeshaji, alionekana kuwa na kipaji kuliko yeye, lakini alikubali suluhisho la kwanza na kwenda zake, wakati Cleese alibaki mezani saa moja na zaidi hadi jambo lisilo la kawaida lijitokeze. Anatetea hoja yake kwa utafiti wa Donald MacKinnon wa Berkeley, uliohusu wasanifu majengo.

Anashauri kutenga kama saa moja na nusu: nusu saa ya kwanza akili itahangaika na simu ambazo hujapiga, ndipo saa inayobaki iwe ya kazi. Jumamosi hiyo funga kompyuta. Kila kijana achore kwa penseli rasimu kadhaa za ukurasa mmoja, na zile za mwanzo, ambazo bila shaka zitakuwa na picha kubwa juu, ziwekwe kando.

Msanifu_Kirumba alijibu:

Ninawashukuru nyote, shikamoo Mzee. Nimeyasoma maandishi ya hotuba ya Arusha, na nimeamua tuanze na dakika za uzio pekee, kisha kila kijana ataje ukurasa mmoja wa kazi yake ambao “upepo” unaupiga zaidi na aufanyie kazi wiki nzima. Wiki itakayofuata tutafunga kompyuta kama Mzee alivyoelekeza, na kipimo cha Taft kitafuata hapo. Kuhusu mkataba, Wakala_Huru, tafadhali nitumie nakala ya ule unaoutumia ukiwa umefuta majina ya wateja. Tunatafuta pia simu za zamani zinazowaka bado kwa ajili ya majaribio. Aliye Mwanza na hazihitaji aniandikie ujumbe wa faragha.