Baiskeli ya gia kwa vilima vya Pemba: mpya ya jina, mtumba wa Japani, au ya dukani niibadilishe vyuma?

Vumawimbi_Konde
Assalaamu alaykum nyote. Nafundisha skuli Konde, na jioni napenda kuingia njia za msitu wa Ngezi hadi ufukweni Vumawimbi. Muda wote nimepanda hizi baiskeli za gia zinazouzwa madukani zikiwa bado na nailoni, shokapu mbele na nyuma. Kwa macho zinapendeza. Hii ya sasa ekseli ya nyuma imekatika, na si ya kwanza kunikatikia. Pedeli ya kushoto imelika nyuzi, haikazi tena. Gia zinaruka nikikanyaga kwa nguvu mlimani. Nimeweka akiba ya milioni moja na nusu. Je, nichangechange nipate mpya ya jina, toleo la chini la Trek Marlin au Giant Talon? Nitafute mtumba wa Japani Unguja? Au ninunue nyengine ya dukani, pesa zitakazobaki nimpe fundi abadilishe vyuma vibovu?

Fundi_Mwanakwerekwe
Waalaykumu salaam mwalimu. Hiyo ya tatu ifute kabisa. Nitakueleza kwa hiyo hiyo ekseli yako.

Baiskeli ya dukani, fri (kile kinacholiacha gurudumu lizunguke ukiacha kukanyaga) na meno yake ni kitu kimoja, kinakazwa kwa nyuzi juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kwa hivyo gololi za upande wa cheni zinabaki ndani, karibu na spoki, na ekseli inatokeza nje peke yake upana wote wa zile gia sita au saba bila ya kushikiliwa na kitu. Ukishuka kwenye jiwe, uzito wako wote unakaa kwenye kipande hicho. Kinapinda, mara gurudumu linayumba, mwisho kinakatika. Unanunua ekseli mpya, inakatika vile vile, maana ubovu uko kwenye umbo lenyewe. Shimano, wale Wajapani watengenezaji wa vyuma vya baiskeli, walianza kuuza habu yenye fri ya ndani 1978: gololi zikasogezwa hadi ukingoni, meno yakawa kaseti inayochomekwa juu yake. Baiskeli yoyote ya maana leo inafuata njia hiyo.

Namna ya kuitambua bila ya kufungua kitu: nyanyua gurudumu, zungusha meno kinyumenyume, tazama katikati pale inapoingia spana maalumu. Pakizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Pakitulia, ni fri ya kukazwa, rudi nyumbani na pesa zako.

Ukisema ununue ya dukani kisha ubadilishe, utabadilisha gurudumu la nyuma, kranki (mikono ya pedeli), breki na gia, na utakachobaki nacho ni fremu nzito.

BiMkubwa_Wete
Nakubaliana na fundi, na naongeza la shokapu ya nyuma. Mwalimu, wewe unaijua barabara ya Wete kwenda Chake, kilima juu ya kilima. Kwenye baiskeli ya bei ndogo ile springi inadidimia kila ukikanyaga, nguvu ya miguu inaishia hapo badala ya kwenda kwenye gurudumu. Shokapu ya nyuma iliyotengenezwa vizuri ipo, lakini peke yake inaweza kula bajeti yako yote. Chukua yenye shokapu mbele tu, nyuma fremu imara. Na kabla ya jina, kipimo. Baiskeli nzuri isiyokuwa saizi yako itakuumiza magoti na mgongo, ingekuwa ya nani.

Makunduchi_Maweni
Mie naipigia debe mtumba wa Japani, na siiombei radhi. Huku kwetu ardhi ni maweni matupu, matumbawe yanakata tairi kama wembe, na baiskeli ninayopanda haina shokapu hata moja. Foku ya chuma, fremu ya chuma chepesi cha chromoly, breki za raba zinazobana rimu, magurudumu ya inchi 26. Kila kilichomo, fundi yeyote chini ya mwembe anakijua. Tairi na tyubu za 26 zimejaa Darajani. Kwa milioni moja na nusu mwalimu atapata mtumba mzuri, na chenji ya kununulia cheni mpya, kaseti mpya na tairi pana.

Tatizo la mtumba ni kukagua. Chomoa nguzo ya kiti utazame ndani ya fremu: bahari imeanza kula kutokea ndani au bado? Nguzo isipotoka kabisa, iache. Pindua baiskeli, tazama chini ya kranki, hapo ndipo maji yanapokaa. Halafu pima cheni kwa rula: vipande 12, kila kimoja cha pini mbili, vinatakiwa vifike inchi 12 kamili, pini hadi pini. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita, cheni imechoka. Ikizidi kwa moja ya nane, na meno yameshaliwa, piga hesabu ya vyote viwili.

Fundi_Mwanakwerekwe
Shekhe wa Makunduchi, hapo kwenye breki za raba tutapishana. Maweni yenu ni makavu. Ngezi masika ni udongo mwekundu unaoshika kila kitu. Ule udongo ukiingia baina ya raba na rimu unasaga rimu yenyewe, na raba ikiwa mbichi hushiki kitu kwenye mteremko. Kwa njia anazopita mwalimu, mimi nampa breki za diski, zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu.

Mjomba_Leicester
Salamu kutoka Uingereza. Hata huku maduka makubwa yanauza hizo hizo, na nyengine zina kibandiko kidogo kwenye fremu kinachosema isiendeshwe nje ya barabara, hali imeandikwa "mountain" kwa herufi kubwa! Mwalimu, tafuta kibandiko hicho. Ukikiona, mtengenezaji mwenyewe kashakwambia.

Kuhusu ngazi za Shimano ili usichanganyikiwe: chini kabisa Tourney, kisha Altus, Acera, Alivio, halafu Deore. Kuanzia 2023 wameleta CUES ichukue nafasi ya Altus, Acera na Alivio. Kwa njia zako, Altus au Acera ya kaseti gia 8 au 9 inatosha. Lakini muuzaji hupenda kuweka kibadili gia cha nyuma cha jina zuri ili ukione, huku habu na kranki ni za ovyo. Tazama vyote.

Na breki za mafuta zikiwepo, nakuomba sana: Shimano na Tektro zinatumia mafuta ya madini. Fundi akitia mafuta ya breki ya gari, raba za ndani zinavimba na breki imekufa. Mwambie kabla hajafungua.

BiMkubwa_Wete
Jengine la tairi. Mpya nyingi sasa ni 29. Jamaa zetu wanadhani tairi la Phoenix la 28 litaingia kwa kuwa namba zinakaribiana. Haliingii. Rimu ya 29 ina kipenyo cha milimita 622, ile ya Phoenix ni 635. Ile ya 26 ni 559. Namba hizo zimeandikwa ubavuni mwa tairi, somea hapo. Ukinunua 29, agizia na tairi la akiba siku hiyo hiyo, usisubiri lipasuke ukiwa Konde.

Vumawimbi_Konde
Ahsanteni mno, nimesoma kila neno. Nimezungusha meno ya hii yangu kama alivyosema fundi: katikati patulivu kabisa. Ya dukani nimeachana nayo.

Nimetumiwa picha ya mtumba uliopo mjini: Giant, shokapu mbele, diski za waya, gia 8 nyuma, magurudumu 27.5. Mwenyewe anataka laki tisa. Breki za waya nizikimbie nitafute za mafuta?

Fundi_Mwanakwerekwe
Usizikimbie. Diski za waya zenye pedi nzuri na waya mpya zinakutosha Ngezi, na ukiwa mbali unazirekebisha kwa mkono. Gia 8 mara nyingi ni kaseti, lakini zungusha uhakikishe. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo 27.5: tairi zake zipo, si nyingi kama 26, kwa hiyo chukua mbili za akiba.

Shokapu ya mbele ikandamize kwa uzito wako wote. Irudi taratibu bila ya kugonga, na ile miguu yake ing'ae, isiwe na vidoto vya kutu. Vikiwepo, sili zimeshachanika na chumvi imeingia ndani. Hapo mpunguzie bei au mwachie.

Makunduchi_Maweni
Mwalimu, Alhamisi nitakuwa mjini. Niletee kimo chako na urefu wa mguu kwa ndani, nitaipanda mwenyewe hiyo Giant na nitachomoa nguzo ya kiti mbele ya muuzaji. Akikataa ichomolewe, biashara haipo.

Vumawimbi_Konde
Nakutumia sasa hivi, kaka. Na ikiwa sawa, niipakie meli ya Mkoani au ya Wete?

BiMkubwa_Wete
Ya Wete. Nitaipokea mimi bandarini. Ila waambie wasiilaze upande wa cheni.