Tupeane uzoefu: kumaliza mkopo wa nyumba kabla ya muda bila familia kulala njaa

Mpimakamba

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye mikopo ya nyumba ya benki, ile ya kuweka hati rehani kwa miaka 10 hadi 25. Tuweke vitu vinavyoshikika: namba, barua, nyaraka, na pale mambo yanapokwama. Hadithi za maisha tuziache kwa uzi mwingine.

Naanza na hesabu ili tuongee lugha moja. Mkopo TSh 100,000,000, riba 16% kwa mwaka kwenye salio linalopungua, miezi 240. Rejesho linakuja TSh 1,391,256 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba inabeba 1,333,333, na kinachopunguza deni ni 57,923 tu. Lipa miaka mitano bila kukosa hata mwezi mmoja, jumla milioni 83 na nusu, na bado utadaiwa takribani milioni 94.7. Wengi wakifika hapo hudhani wameibiwa. Hapana, riba hutolewa kwanza, deni la msingi linaambulia makombo.

Ndiyo maana nyongeza ndogo ya mapema ina nguvu. Ongeza 100,000 kila mwezi tangu mwanzo, mkopo unaisha mwezi wa 170. Ongeza 200,000, unaisha mwezi wa 138, yaani miaka 11 na nusu, na riba unayoiepuka ni kama milioni 115. Karibuni.

Dada wa Kaunta

Shukrani mkuu, ila namba zako zina sharti: hela ya ziada lazima ifike kwenye deni la msingi. Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa na chenga.

Ukiweka milioni 2 kwenye akaunti inayokatwa mkopo bila maandishi, mfumo haujui nia yako. Hela itakaa pale, na tarehe ya makato ikifika litachukuliwa rejesho la kawaida, mwezi ujao hivyo hivyo. Wewe unajua umepunguza deni, kumbe umelipa tu rejesho la mbele na riba haijashuka hata shilingi.

Lazima uandike barua, na barua iseme mambo matano: namba ya akaunti ya mkopo (siyo ya mshahara), kiasi, tarehe unayotaka kitumike, kwamba ni malipo ya sehemu ya deni la msingi, na kwamba rejesho la mwezi libaki lile lile ila muda upungue. Mfano:

"Naomba TSh 10,000,000 zilizomo kwenye akaunti yangu namba ... zitumike tarehe ... kupunguza deni la msingi la mkopo namba ... Rejesho la kila mwezi libaki TSh 1,391,256 na muda wa mkopo upunguzwe. Naomba nipatiwe ratiba mpya ya marejesho."

Nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukituma kwa barua pepe, subiri jibu la mtu, lile la mashine lisikuridhishe.

Mpimakamba

Hilo la muda liko hivi kwa wasioona tofauti. Mkopo ule ule, mwaka wa tano umeisha, salio milioni 94.7, unaingiza milioni 10. Ukichagua kupunguza rejesho, linashuka hadi kama 1,244,400 na unabaki na miezi 180. Faida yako mpaka mwisho, ukishatoa ile milioni 10, ni kama milioni 16.4. Ukichagua kupunguza muda, miezi iliyobaki inakuwa 127 badala ya 180 na faida ni karibu milioni 65. Hela ni ile ile, na kinachotofautisha ni sentensi moja kwenye barua.

Shemeji wa Tegeta

Naomba nipingane kidogo. Kwa mwenye watoto watatu shule na mshahara mmoja, kupunguza rejesho siyo ujinga. Rejesho likishuka kwa laki na nusu, Januari inapitika. Na hakuna anayekuzuia kuendelea kulipa ile laki na nusu kama ziada kila mwezi unapoweza. Mwezi wa msiba hulipi ziada, na hakuna wa kukupigia simu.

Dada wa Kaunta

Kweli shemeji, ila angalia ada. Mikataba mingine hutoza asilimia ya kiasi unacholipa kabla ya muda, mingine huweka kiwango cha chini cha malipo ya ziada, mingine huruhusu mara moja au mbili tu kwa mwaka. Ada ikiwa 2%, milioni 10 inakutoa 200,000, na hiyo inalipika. Tatizo linakuja kama kuna ada ya kiwango kile kile kila unapolipa, kiasi kiwe kidogo au kikubwa. Laki moja moja kila mwezi itamezwa, bora uzikusanye uzipeleke kwa mkupuo. Fungua mkataba wa mkopo, kifungu cha kulipa kabla ya muda, na ile barua ya ofa. Vikipingana, uliza kwa maandishi kipi kinatawala.

Tarehe nayo ina uzito. Benki nyingi huhesabu riba kila siku. Milioni 10 kwa 16% inazaa kama TSh 4,384 kwa siku. Ukiishikilia kwenye akaunti kuanzia tarehe 3 hadi 28 umeacha karibu laki na elfu kumi mezani. Siku nzuri ni moja au mbili baada ya makato ya mwezi, maana riba iliyolimbikizwa ni ndogo na hela karibu yote inaangukia deni la msingi.

Kalamu Nyekundu

Baada ya wiki omba taarifa ya akaunti ya mkopo. Tafuta mstari wa tarehe ile. Unataka kuona milioni 10 imeingia na salio la deni limeshuka kwa kiasi hicho, ukitoa ada na riba ya siku chache. Kisha tazama mstari wa riba wa mwezi unaofuata. Kwa mfano wa hapo juu, riba ya mwezi ilikuwa karibu 1,263,000, sasa inatakiwa iwe karibu 1,130,000. Kama haijashuka, barua yako iko kwenye droo ya mtu. Rudi na ile nakala ya muhuri siku hiyo hiyo, na omba marekebisho yaanzie tarehe uliyolipa, siyo tarehe waliyoigundua.

Pia hakikisha mkopo wako siyo wa riba inayopigwa kwenye kiasi cha mwanzo bila kujali ulicholipa. Mikopo ya nyumba mara nyingi ni ya salio linalopungua, lakini "mikopo ya ujenzi" ya baadhi ya wakopeshaji wadogo siyo. Huko kulipa mapema hakukuokoi kitu mpaka wakubali kusamehe riba iliyobaki, na hilo liandikwe kabla hujatoa hela.

Mama Kibubu

Tuongee hela inatoka wapi, maana nyumba ina mdomo. Mpango unaodumu ni wa hela zisizo za kila mwezi: malimbikizo, posho ya likizo, bonasi, mgawo wa kikoba kinapovunjwa Desemba. Mshahara uachiwe chakula, nauli na rejesho la kawaida. Mkikubaliana mapema, baba na mama, kwamba nusu ya kila hela ya aina hiyo inakwenda kwenye deni, hamtagombana kila ikiingia.

Kalenda ndiyo kila kitu. Januari na Julai shule zinafunguliwa, kwa hiyo usilipe ziada Desemba halafu ukakope ada Januari. Mkopo wa simu wa mwezi mmoja unaotoza hata 8% ni karibu 96% kwa mwaka. Umeokoa 16% kwa mkono wa kulia, wa kushoto unatoa 96%. Peleka ziada Februari na Agosti, ada ikishalipwa.

Na kabla ya ziada yoyote, weka pembeni marejesho matatu pamoja na matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu. Hela ikishaingia kwenye deni, kuitoa ni kuomba mkopo mpya, na afisa mikopo hatakuhurumia kwa kuwa ulilipa sana mwaka jana.

Shemeji wa Tegeta

Hiyo akiba isikae bure kwenye akaunti ya kawaida. Mfuko wa Ukwasi wa UTT (mfuko wa uwekezaji wa pamoja) unafaa, hela unaipata ndani ya siku chache za kazi. Ila usijidanganye kuweka huko *kila kitu* kwa hoja kwamba "inazaa". Kama mfuko unazaa 12% na deni linakula 16%, kila milioni unayoiacha huko zaidi ya akiba ya dharura inakugharimu 40,000 kwa mwaka.

Kalamu Nyekundu

Halafu kuna riba inayobadilika. Wengi husaini "kwa uamuzi wa benki" bila kusoma. Riba ikipanda kutoka 16% hadi 18% mwanzoni mwa mkopo ule wa milioni 100, riba pekee ya mwezi inakuwa 1,500,000, kubwa kuliko rejesho lako lote. Kwa rejesho la zamani deni lingekuwa *linakua*. Ili muda ubaki ule ule, rejesho lazima liwe 1,543,312. Ukipata ujumbe wa mabadiliko ya riba, uliza kilichoguswa ni rejesho au muda. Mara nyingine rejesho linabaki na miaka inaongezeka kimya kimya.

Kuhamia benki nyingine yenye riba ndogo nako kuna hesabu yake. Jumlisha uthamini mpya, mwanasheria, ada ya mkopo mpya, bima, ada ya kuondoka. Deni milioni 80, tofauti ya riba 2%, unaokoa kama 133,000 kwa mwezi mwanzoni. Gharama zikiwa 3,200,000, miaka miwili ya kwanza umejilipa tu.

Mzee wa Syokimau

Jirani zenu wa Kenya tuna jambo moja la kuongeza. Riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe inapunguza kipato kinachotozwa kodi, hadi KSh 360,000 kwa mwaka (ilikuwa 300,000 mpaka mwisho wa 2024). Ni 30,000 kwa mwezi. Kama uko kwenye daraja la 30%, unarudishiwa hadi 9,000 kila mwezi kupitia PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara), mradi umempa mwajiri cheti cha riba cha benki. Kwa hiyo aliye na mkopo wa 9.5% uliopitia KMRC (kampuni inayozipa benki na Sacco fedha za mikopo ya nyumba), ambao riba yake yote inaingia ndani ya kiwango hicho, gharama yake halisi ni kama 6.65%. Huyo asikimbilie kulipa, akamalize kwanza deni la Sacco la 12%. Mwenye mkopo wa 15% wa milioni 8, riba yake ni 100,000 kwa mwezi, msamaha unagusa 30,000 tu. Huyo alipe.

Binti Forodhani

Kwa walio kwenye madirisha ya Kiislamu ya benki (huduma zisizo na riba): tazama ni mkataba gani. Kwenye murabaha benki imenunua na kukuuzia kwa bei iliyokwisha kufungwa, faida imo ndani ya bei. Kulipa mapema hakukupi haki ya kupunguziwa deni, ila benki ikipenda inakupa ibra, yaani inakusamehe sehemu ya faida. Kwa hiyo uliza ibra kabla ya kulipa, siyo baada. Kwenye musharaka inayopungua, ambapo wewe na benki mnamiliki nyumba kwa ubia, mambo ni mengine: kila ukinunua hisa zaidi za nyumba, kodi unayoilipa benki inashuka.

Ughaibuni Leeds

Walioko Uingereza: mikopo mingi ya riba iliyofungwa inaruhusu ziada ya 10% ya salio kwa mwaka bila faini. Ukizidisha unakatwa asilimia ya kilichozidi. Kipindi cha riba kufungwa kikiisha, faini kwa kawaida haipo, lipa siku hiyo.

Dada wa Kaunta

Mwisho wa safari nako kuna mitego. Usimalize deni kwa kuangalia salio kwenye simu. Omba barua ya kiasi cha kumalizia, yenye tarehe ya mwisho na riba ya kila siku baada ya hapo. Ukilipa siku mbili baadaye bila kuongeza hiyo riba, kwa deni la milioni 10 inabaki elfu nane au tisa, mkopo haufungwi, adhabu zinaanza kuota juu yake.

Ukishalipa dai vitu vitatu: barua ya kutodaiwa, hati ya kufuta rehani iliyosainiwa na benki, na hati miliki yako halisi pamoja na nyaraka zote ulizoziacha. Sitisha makato kwa mwajiri kwa maandishi, maana yana tabia ya kuendelea mwezi mmoja au miwili. Kama bima ya mkopo ililipwa yote mwanzoni, omba kurejeshewa sehemu ya miaka isiyotumika.

Kalamu Nyekundu

Na hati ikiwa mkononi rehani bado imeandikwa kwenye daftari la Msajili wa Hati mpaka uipeleke ile hati ya kufuta ikasajiliwe. Nenda ofisi ya ardhi ya mkoa, kaa na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, lipia usajili, kisha rudi ufanye upekuzi, yaani uombe kuona kilichoandikwa kwenye daftari hilo. Kama karatasi ya upekuzi bado inaonyesha jina la benki, hujamaliza.