MREJESHO: Wanafunzi wangu wa ustawi wa jamii na dodoso la kiwewe

Wadau, mwezi uliopita niliuliza niwafundisheje wanafunzi 12 wa mwaka wa tatu kutumia PCL-5, dodoso la kuuliza dalili zinazobaki baada ya tukio la kutisha, kabla hawajaenda fildi. Wengi mlisema niache slaidi, waulizane wao kwa wao. Nimefanya hivyo.

Siku ya kwanza ilikuwa vichekesho. Binti mmoja aliyamaliza maswali yote 20 kwa dakika nne, macho kwenye karatasi, utadhani karani wa sensa. Mwenzake aliyeigiza mteja alijibu "mbili, mbili, tatu" (kila jibu ni alama 0 hadi 4) ili yaishe tu. Nikawabadilishia: kila swali, kwanza mtazame mtu usoni, kisha umkumbushe kwamba tunaongelea mwezi mmoja uliopita. Hilo la mwezi mmoja ndilo walilolisahau kuliko yote.

Swali la 18, la kushtuka upesi, lilitula nusu saa. Kijana mmoja alisema kwao mtu wa hivyo huitwa "mwenye moyo mwepesi", yaani ni tabia yake tangu utoto. Sasa tunauliza: ulikuwa hivi hata kabla ya tukio?

Kosa kubwa lilikuwa kwenye alama. Jumla ya juu kabisa ni 80, na mtu akifika 31 hadi 33 au zaidi ndipo huwa tunastuka. Mmoja akapata 41, akamtangazia "mteja" kwamba anaumwa. Hapo nilisimamisha zoezi. Dodoso linachuja, ugonjwa unathibitishwa na mtaalamu kwa mahojiano.

Aliyenishauri waandike kwanza jina la pa kumpeleka mteja, ndipo waulize swali la kwanza, asante sana mkuu. Wanane hawakuwa na jina lolote la kuandika.