Tupeane uzoefu: kujifunza walzi kabla ya kufungua muziki ukumbini

BintiChumbageni: Jana niko harusini kwa binamu yangu, MC akatangaza maharusi wanafungua muziki, nikajikuta nimeukamata mkoba kwa nguvu mpaka mikono inatetemeka. Mlioshajifunza walzi, ile dansi ya wawili ya kuhesabu tatu, kwa ajili ya harusi mwageni hapa, naanza mimi.

Kwa harusi yetu tulifanya mazoezi wiki tatu sebuleni, makochi tumeyasukuma ukutani, mume wangu anahesabu moja mbili tatu. Yeye kushoto mbele, kulia kando, kushoto anafunga, halafu kulia nyuma, kushoto kando, kulia anafunga, mimi namfuata kinyume chake. Nikaijua mpaka usingizini. Siku yenyewe dijei akapiga wimbo mwingine kabisa, wa kuhesabu nne! Sisi tunaenda tatu muziki unaenda nne, kila tukidhani tumeudaka umeshatupita, mara nikasikia chwaa, kisigino chake kimekanyaga shela na lesi imeachia kutoka kiunoni mpaka gotini, ukumbi mzima unatutazama, kamera iko usoni. Mume wangu akaganda. Nikamwambia sikioni acha kuhesabu baba, tuyumbe tu. Tukayumba kushoto kulia mpaka wimbo ukaisha, lesi nimeikunja ngumini. Video ya harusi sijaitazama mpaka leo.

mkwaju77: Dijei! Yaani hapo umenigusa.

Kinanda: Pole sana dada. Nawaambia wote, tafuteni wimbo wa mapigo 84 mpaka 90 kwa dakika, wa tatu tatu. Ile walzi ya Vienna inakwenda kasi karibu mara mbili, msiiguse.

MtotoWaMoro: Mnajisumbua na walzi ya nini? Marehemu baba alicheza cha-cha Morogoro enzi za bendi ya Cuban Marimba, kabla kiongozi wake Salum Abdallah hajafariki 1965, na hakufundishwa na mtu. Alisimama nyuma ya wakubwa akaiba miguu yao. Unaingia kwenye pigo la moja, basi.

Kinanda: Hapana kaka, cha-cha unaingia kwenye mbili. Mbili, tatu, nne-na-moja.

MtotoWaMoro: Hiyo ya mashindano ya Wazungu. Baba yangu aliingia kwenye moja na ukumbi ulimpisha.

Kinanda: Sijamdharau mzee, nasema hesabu ilivyo.

mkwaju77: Rudini kwenye walzi jamani.

Zamu_ya_Usiku: Mimi mazoezi ndiyo yaliniachanisha. Niliingia kazini usiku, kwa hiyo mchumba akawa anafanya mazoezi na matroni wangu wa harusi, mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba dada wa watu amsaidie. Siku moja nikaruhusiwa mapema. Nafungua mlango, muziki umeshazimwa, wao bado wameshikana wanahesabu.

BintiChumbageni: Mungu wangu.

Mama_Wawili: Heee malizia! Harusi ilifanyika?

Zamu_ya_Usiku: Ilifanyika. Si yangu.

mkwaju77: 😭😭 Pole mno.

Mama_Wawili: Ndiyo maana nasema mwali asikosekane mazoezini hata siku moja, kazi omba ruhusa.

Fundi_Viatu: Pole dada yangu. Kwa wanaojifunza sasa, wengi mnakwama hatua ya tatu. Mnafunga mguu lakini uzito hauhami, matokeo yake hatua inayofuata mnatoka na mguu uleule na magoti yanagongana. Mimi nilivua viatu nikasimama jikoni peke yangu, kila nikifunga nanyanyua kisigino cha mguu unaofuata kutoka. Kikinyanyuka bila mimi kuyumba, uzito umehama. Nilifanya hivyo ugali ukiiva, siku nne, mwili ukashika.

Mama_Wawili: Na mfanye mazoezi na shela lenyewe.

BibiHarusi_Mtarajiwa: Shangazi kasema kulivaa kabla ya siku ni nuksi!

Mama_Wawili: Basi shona kanga mbili zifagie sakafu, vaa hizo. Na mwambie bwana apige hatua fupi, vidole viteleze chini, asinyanyue mguu kama anavuka mtaro.

BibiHarusi_Mtarajiwa: Asanteni, nina siku tisa. Sasa kwa dijei nifanyeje?

BintiChumbageni: Wimbo weka kwenye flashi mbili. Moja mpe dijei, ya pili akae nayo huyo shangazi, tena akae karibu na spika.